Sanduku Lililojua Karate

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, vita vilikwisha kuahirisha karibu kila kitu: harusi, mitihani, hata mechi za mpira. Mambo mawili tu hayakuahirishika, nayo ni adhana na sinema ya Jumamosi. Sinema ilionyeshwa baada ya sala ya alasiri ili watu wawahi kufika nyumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Ukumbi wenyewe ulikuwa gereji ya zamani ya bwana mmoja aitwaye Népomuscène, yenye mabati juu na mabenchi chini. Mbele palikuwa na televisheni moja, imewekwa juu ya meza kwa heshima zote kama bibi harusi.

Sinema zilisema Kiingereza na Buyenzi ilisema Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili alisimama Ilyasi, kama daraja juu ya mto Ntahangwa. Zamani alikuwa utingo wa malori ya Mombasa, akajifunza Kiingereza huko, na sasa alikikalimani kwenye maikrofoni kwa sauti iliyowafanya watu wazima wasahau kufunga midomo.

Kisha guruneti lililotupwa sokoni likampofusha macho yote mawili. Tangu siku hiyo Ilyasi alikaa chumbani, ameuelekea ukuta asiouona, kimya kama maji ya mtungini. Mahali pake akawekwa Musafiri, kijana mwenye adabu nyingi na maneno machache. Alikalimani sinema nzima hivi: "Wanaongea. Amekasirika. Wanapigana. Imeisha." Mabenchi yakaanza kubaki matupu.

Jumamosi moja Népomuscène alibisha hodi.

"Ndugu yangu Ilyasi, leo nisipopata watu, ukumbi naufanya stoo ya saruji," alisema. "Mi sikuombi macho. Macho watu watakuja nayo. Nakuomba mudomo."

"Kipofu akalimani sinema?" Ilyasi akajibu. "Tafuta na bubu aadhini."

Alisema hivyo kwa kejeli, lakini moyoni alijua kwamba siku ukumbi ule ukijaa saruji, naye atakuwa amezikwa humo.

Asiya, mkewe, alikuwa anapiga pasi. "Bubu gani? We unakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Vaa shati."

Akavaa shati. Mwanamume aliyeoa hana hoja mbele ya pasi ya moto.

Habari zilikwisha kuenea. Ilyasi aliketi mbele, Asiya ubavuni pake, maikrofoni mkononi, akasikia mabenchi yakilia kwa uzito wa watu. Walikuwa watu wa kila kabila, ambao nje ya mlango ule hawakuwa na hakika nani amsalimie nani. Deki ya video ikameza kanda ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Mwanzo ulikuwa mteremko. Mkubwa wa majasusi alimwita akteri, yaani shujaa wa sinema, akamwambia kwamba majambazi wametega bomu ndani ya keki ya harusi ya mtoto wa rais. Akamkabidhi sanduku la vifaa vya siri. Ilyasi aliyatiririsha maneno hayo kama zamani. Ghafla mazungumzo yakakatika. Zikasikika ngumi, miguno, chuma kugonga chuma, kioo kuvunjika.

"Shefu wa majambazi, mkubwa wao mwenyewe, amevamia!" Ilyasi akanguruma. "Amemkaba akteri koo. Akteri anarudisha teke la karate. Jino la shefu hilo, limeruka mpaka dirishani."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko mpaka mabati yakatetemeka.

"Wanacheka nini?" Ilyasi alimnong'oneza Asiya.

"Hakuna jambazi, baba. Akteri yuko peke yake. Sanduku limekataa kufunguka, anapigana nalo."

Ilyasi aliweka maikrofoni mezani, akapapasa kutafuta fimbo yake. Ukuta wa chumbani ulikuwa unamngoja, naye alitamani kuurudia.

"Ilyasi, usituache njiani," ikasema sauti ya Léocadie, muuza sambusa wa mlangoni. "Nani ameshinda, mutu ao sanduku?"

Ilyasi akasikia akteri akiguna tena, mguno wa mtu aliyebanwa kidole. Mkono wake ukairudia maikrofoni.

"Wapenzi watazamaji," alisema polepole kama mchungaji mazikoni, "namwomba radhi shefu wa majambazi. Nimemng'oa jino bure. Lakini sanduku hili nalijua. Lina mukanda mweusi. Tumwombee akteri."

Safari hii kicheko kilimbeba. Kuanzia hapo kila benchi likawa jicho. "Amevaa gauni la mupishi," walimrushia. "Ameanguka ndani ya keki." Wao walimpa picha, yeye akawapa maneno. Ilyasi alishangaa mpaka nywele zikamsimama. Alipokuwa na macho mawili hakuwahi kuona sinema kubwa namna ile. Ilijaa ukumbi mzima, ikapumua, ikanukia jasho na sambusa.

Ndipo risasi za kweli zikalia.

Mabenchi yalipinduka. Watu walilala chini wote, na Népomuscène akaingia chini ya meza ya televisheni. Ilyasi alibaki ameketi. Harufu ya soko la siku ile ikamjaa puani. Akatega sikio. Risasi zilitoka ng'ambo ya Ntahangwa, na kila mlio ulikuwa mbali kidogo kuliko uliotangulia.

Kwenye televisheni, ambayo sasa hakuna aliyeitazama, shefu wa majambazi alikuwa anapiga mayowe.

"Hizo za nje si zetu," Ilyasi akasema kwenye maikrofoni. Sauti ilitetemeka, akaisukuma. "Ziko ng'ambo ya mto, na zinaondoka. Bunduki ya akteri wetu inatema povu la sabuni. Shefu anasema limemwingia machoni, haoni kitu, analia kama mutoto." Akameza mate. "Mwambieni aje kwangu, nitamufundisha kazi."

Kutoka sakafuni mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, kisha ukumbi wote ukacheka ukiwa umelala kifudifudi, watu wakishikana mabega bila kuulizana makabila. Mmoja mmoja wakainuka, wakayasimamisha mabenchi, wakaketi. Risasi zilizidi kulia huko mbali, lakini zilikosa wasikilizaji.

Keki ilipookolewa, sinema ikaisha, watu hawakukimbilia mlangoni, ingawa saa ya kutotoka nje ilikaribia. Walisimama kimya wakimtazama yule mtu aliyeketi na maikrofoni, kama watu wanaoutazama mwezi ukipatwa. Ilyasi hakuwaona, ila aliusikia ukimya wao.

"Jumamosi ijayo," Népomuscène alisema akijifuta vumbi magotini, "nitaongeza mabenchi."

Wahenga hawakuwahi kuona sinema hata moja, lakini hili walikwisha kulijua: heri kufa macho kuliko kufa moyo.