Cheo Hakifungui Kufuli

Cheo hakifungui kufuli. Mmeikuta imeandikwa juu ya mlango wa stoo ya vifaa, leo asubuhi mkamsikia fundi mkuu akiitamka, na sasa mnaniuliza mimi mgeni wenu imetoka wapi, kwa sababu tu nina mvi. Mvi si hoja, wajukuu. Ila chanzo chake nakijua, na ndicho hiki. Vuteni viti.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Kampuni hii ilikuwa na mafundi kumi na wanne, ikitunza lifti, pampu za maji, umeme na viyoyozi vya majengo ya hapa Tanga. Mkurugenzi wake alikuwa mtu wa mbio. Chai alikunywa amesimama, na akikuambia "kesho" alimaanisha leo saa nane mchana. Kazi alizileta, hilo nisimdhulumu. Lakini masikio yake yalikuwa pambo tu.

Mwaka huo aliajiriwa binti kutoka Muheza, Mwanahawa Shemhilu, awe msimamizi wa usalama kazini. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na ndani mgumu kama kokwa la embe. Jambo lake la kwanza lilikuwa kununua makufuli mekundu na kumpa kila fundi la kwake. Fundi akienda kutengeneza mashine, huzima swichi kuu, huifunga kwa kufuli lake, huvaa ufunguo shingoni, ndipo huingia kazini. Hakuna wa kuwasha umeme mpaka yeye mwenyewe atoke alifungue. Ufunguo wa akiba alikaa nao Mwanahawa, na kanuni ilisema hautumiki mpaka mwenye kufuli awe amesimama mbele yake, akimwona.

Mafundi walimbatiza Bi Kufuli. Naye alicheka nao, kisha akaendelea kuwakagua. Mkurugenzi alizitia sahihi kanuni hizo bila kuzisoma, maana alikuwa na haraka.

Siku yenyewe, fundi Rajabu Hoza alikuwa katika jengo moja la ghorofa nane, mteja mkubwa kuliko wote wa kampuni. Alikuwa anabadilisha swichi ya dharura iliyo chini kabisa ya lifti, ndani ya shimo. Lifti yenyewe ilikuwa imesimama ghorofa ya tatu, juu ya kichwa chake. Swichi kuu ilikuwa juu kwenye chumba cha mashine, na kufuli la Hoza lilining'inia pale, limefungwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe ili asilipoteze.

Saa nne Hoza alitoka kwenda kunywa supu kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Kufuli aliliacha, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha. Mkurugenzi akapita na gari lake, akamwona na bakuli mkononi, wakapungiana.

Haikupita nusu saa, mwenye jengo akapiga simu. Wageni wake wamefika, wazee watupu, kikao kiko ghorofa ya saba, lifti imelala. Lifti isipoamka sasa hivi, atatafuta kampuni nyingine. Mkurugenzi akakimbia kule, akapanda ngazi za ghorofa zote nane, akafika juu hana pumzi. Akamkuta Mwanahawa anakagua chumba cha mashine.

"Fungua hiyo."

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Fungua, wageni wanasubiri chini!"

"Hili ni kufuli la Hoza. Hoza yuko wapi?"

"Yuko kwa mama lishe anakunywa supu. Nimemwona kwa macho yangu mawili."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi! Nusu saa haijafika."

"Basi si sasa hivi, bosi."

Mwanahawa alipiga simu ya Hoza. Ikalia pale pale miguuni pao, ndani ya mkoba wa vifaa.

"Unaona?" mkurugenzi akasema. "Keshamaliza huyo, anastarehe."

"Aliyemaliza huondoka na mkoba wake."

Mkurugenzi akanyoosha mkono. "Mwanahawa, hapa mkubwa nani?"

"Ni wewe, bosi. Heshima nakupa yote. Ufunguo sikupi."

"Basi kazi huna."

Yaliyompitia moyoni, mwenyewe alikuja kunisimulia baadaye. Alimkumbuka mama yake kule Muheza, aliyemwambia kila mtu sokoni kwamba mwanawe kapata kazi ya maana. Aliogopa sana. Lakini alilitazama lile kufuli lenye kipande cha kanga, akaufumbata ufunguo.

"Barua niandikie, nitaipokea kwa mikono miwili. Ila tushuke kwanza tumtafute. Tukimkuta na supu yake, nitakukabidhi ufunguo na kazi yako pamoja."

Wakashuka, mkurugenzi akifoka kila ghorofa. Walipofika chini, Mwanahawa akaupiga mlango wa lifti kwa kiganja.

"Hoza!"

Mkurugenzi akacheka kwa dharau. Mwanahawa akapiga tena, kwa nguvu zaidi.

"Naam!" Sauti ilitoka chini ya miguu yao. "Nipeni dakika kumi, skrubu ya mwisho inanisumbua!"

Mkurugenzi aliketi kwenye ngazi kama mtu aliyekatwa miguu. Simu yake ikaita, mwenye jengo akiwa juu ya moto: wewe si ndiye mkurugenzi, unashindwaje kuiwasha lifti? Aliutazama mkono wake, ule uliodai ufunguo.

"Mzee wangu," akajibu taratibu, "cheo hakifungui kufuli. Mwenyewe yuko kazini."

Wageni walisubiri, wakaletewa maji ya kunywa. Hoza alitoka shimoni na grisi hadi puani, akashangaa kukumbatiwa na bosi wake mwenye suti.

"Bosi," Mwanahawa akauliza, "ile barua yangu niifuate lini?"

"Usinitanie, mwanangu. Niletee kufuli na mimi."

Mnataka kujua mkurugenzi yule yuko wapi siku hizi? Nimekuwa nikimsema kwa raha kwa sababu namjua vizuri. Ndiye huyu anayezungumza nanyi. Kufuli aliloniletea hili hapa mfukoni, someni jina langu. Hoza ana wajukuu watano, na kila Idi huniita nyumbani kwake ninywe supu. Naipuliza, naona haya, nakumbuka nilivyoapa kwamba nimemwona kwa macho yangu mawili.

Sasa nendeni mkachukue makufuli yenu. Akija mtu kuwataka mfungue la mwenzenu, hata awe na suti, hata awe ndiye anayewalipa, mwambieni bila kutetemeka: cheo hakifungui kufuli.