Noti Iliyofungwa Pindoni

Sogeeni, na mwenye la kucheka acheke sasa hivi, maana nikimaliza nitataka hukumu kutoka kwenu. Sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Huko milimani Usambara, juu ya Lushoto, walikuwepo watu watatu waliojaliwa. Shekiondo alijaliwa masikio: mbuzi akilia ng'ambo ya bonde, yeye anakwambia ni wa nani. Hoza alijaliwa mgongo. Gunia la viazi la kubebwa na wawili alipanda nalo mlima huku akipiga mluzi. Bi Mwanaidi alijaliwa mikono, na aliyevunjika mfupa kijijini alipelekwa kwake kwanza.

Siku moja mtalii aitwaye Anselm alitembea milimani peke yake. Akateleza, akatumbukia korongoni, mguu ukavunjika.

Shekiondo ndiye aliyemsikia. Wenzake shambani walisema ni ndege, lakini yeye aliacha jembe akaifuata sauti mpaka ukingoni. Bila masikio yake, mgeni angekufa kwa baridi.

Hoza ndiye aliyemtoa. Aliteremka, akamfunga mgongoni kwa shuka, akapanda naye kwa magoti na viganja. Karibu na juu kitu kikamlia kiunoni, lakini hakumwachia. Bila mgongo wake, mgeni angesikika tu na kufa vilevile.

Bi Mwanaidi ndiye aliyemtengeneza. Aliizuia damu, akaunyoosha mguu, akaufunga kwa vijiti. Dereva aliyekuja kumchukua alisema bila mikono ile asingefika mjini akiwa hai.

Alipokwisha kulazwa garini, Anselm alitoa noti ya dola mia, mpya kabisa. Shilingi hakuwa nazo, alikuwa bado hajabadilisha fedha. Akamwekea Bi Mwanaidi mkononi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Yenu watatu."

Wakakubaliana kugawana sawasawa. Hoza alifurahi kuliko wote, kwa sababu tangu siku ile hakuweza kuinama wala kubeba hata ndoo, na fungu lake lingemfikisha hospitali ya mkoa akatibiwe. Kila usiku alilala akiiwaza noti ile.

Sasa sikilizeni walivyoiharibu. Bi Mwanaidi aliuliza aiweke wapi. Hoza mwenyewe ndiye aliyemwambia aifunge kwenye pindo la kanga, kama mama zetu wote wanavyofanya. Bi Mwanaidi akaifunga, ila kwenye kanga mpya ambayo ilikuwa haijafuliwa hata mara moja. Asubuhi ya kwenda mjini kuibadilisha, mvua ilinyesha. Bi Mwanaidi alitaka wangoje ikatike, Shekiondo akakataa, akasema mgonjwa hangoji mvua. Wakaenda, wakalowa chapachapa.

Mjini, kwenye duka la kubadilisha fedha, Bi Mwanaidi alifungua fundo. Rangi nyekundu ya kanga ilikuwa imeingia kwenye noti. Wao hawakuona tatizo. Noti ya shilingi hata ikifuliwa na suruali, si inanunua unga? Karani akaitazama, akairudisha chini ya kioo.

"Dola yenye doa hatupokei, mama."

Walizunguka mji mzima wakijibiwa hivyo hivyo. Mwishowe kijana mmoja wa stendi akasema ataichukua kwa nusu bei, na wasipotaka wakaitundike ukutani. Wakampa.

Wakaingia mgahawani, wakaziweka shilingi mezani. Zikigawanywa mafungu matatu, fungu la Hoza halifiki hospitali. Akipewa zote, anatibiwa. Lakini paa la Bi Mwanaidi linavuja, na Shekiondo hana mbegu ya msimu.

"Wewe mwanangu ndiye uliyesema pindoni," Bi Mwanaidi alisema taratibu.

"Na kanga mpya ilikuwa ya nani?" Shekiondo akauliza.

"Na mvuani nani alituingiza?" Bi Mwanaidi akamrudishia.

"Niliharakisha kwa ajili ya mgongo wa huyu. Leo nalipishwa huruma yangu."

Hoza aliwatazama watu aliokuwa akiwaita ndugu.

"Ningemwacha mzungu kule chini," alisema, "leo ningekuwa shambani kwangu."

Akaona aibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyenyoosha mkono kugusa zile fedha.

Anselm, dereva alileta habari, sasa anatembea vizuri. Hajui chochote. Anasimulia kwao jinsi watu wa Usambara wanavyopendana.

Haya, wewe unayeangalia chini, na wewe uliyeacha kucheka. Watatu walimwokoa, watatu waliiharibu noti, na fedha bado ziko mezani. Hoza hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa mkono. Ungezigawa vipi, na ungemtazama nani usoni ukishazigawa?