Kidonda cha Manju Shigela

Kidonda kimya hakingoji ngoma iishe.

Mmelisikia neno hilo leo kwa mhudumu wa zahanati, wajukuu zangu, mkarudi mnacheka na kuniuliza kidonda na ngoma vimejuana wapi. Kaeni basi. Methali hii ilianzia nyumbani kwetu, na mwenye kidonda alikuwa kaka yangu, Shigela.

Mchana mmoja, baada ya mavuno ya pamba, kundi letu lilikuwa uwanjani likifanya mazoezi ya ngoma ya majembe. Akatokea mwanamke akisukuma baiskeli. Hakuna aliyemtarajia wala aliyemjua. Alivaa kofia ya ukili yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu katika joto lile. Alikuwa na ualbino, kama Shigela, na kama binti yangu Limi, ambaye wakati huo meno ya utoto yalikuwa bado yanamng'oka. Sikio la kushoto la mgeni huyo lilikuwa nusu.

Shigela alikuwa manju wetu, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Kwetu makundi mawili hucheza uwanja mmoja, na lile linalozungukwa na watu wengi zaidi ndilo mshindi. Sauti ya kaka yangu iliwatoa watu vijiji vya mbali. Waliomtupia majina mabaya njiani walinyamaza akianza kuimba. Uwanja wa ngoma ndipo mahali pekee ambapo watu walimtazama wakaona mtu.

Mgeni alisema jina lake ni Holo. Akaomba maji, akanywa, kisha akamkazia macho Shigela.

"Kaka, hebu vua huo utepe wa shanga kichwani nikuone."

Wapiga ngoma wakaangua kicheko. Nkwabi, mpigaji wa ngoma kubwa, akasema, "Manju, mchumba huyo! Tena kaja na usafiri wake!"

"Mume ninaye," Holo akajibu, "na yeye ana masikio mawili. Yanatutosha."

Wakacheka zaidi, na Shigela naye akacheka, akavua shanga. Karibu na jicho lake la kulia palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya kunde. Sote tulikijua. Kilishika kigaga, kigaga kikabanduka, kikatoa damu kidogo, kikashika tena.

"Tangu lini?" Holo akauliza.

"Tangu palizi."

"Kinauma?"

"Hata kidogo. Mimi sikisumbui, nacho hakinisumbui."

"Hapo ndipo kinapokudanganya. Dada, njoo uguse."

Nikagusa. Ukingo wake ulikuwa umeinuka, mgumu kama kokwa.

"Kidonda cha kweli hupona," Holo alisema. "Hiki kinajifanya kupona. Nadhani ni saratani ya ngozi. Ngozi zetu hazina rangi ya kutukinga na jua, ndiyo maana inatuanza sisi mapema. Kwa mwingine huja kama kigaga, kwa mwingine kama kipele kinachong'aa mfano wa ushanga. Ukiwahi, daktari anakuchoma sindano ya ganzi hapo hapo, anakikata chote, anashona, unarudi nyumbani siku hiyo. Mimi nilichelewa, nikaacha sikio; ndiyo maana nazunguka vijijini kuwatazama wenzangu."

Neno lililotutisha halikuwa saratani. Lilikuwa kukata.

Kundi letu lilikuwa na mwiko. Dawa ya kuvuta watu ikishapakwa ngomani, manju hatoki kijijini, wala chuma hakigusi ngozi yake mpaka shindano lipite. Hata ndevu hanyoi. Damu yake ikimwagika kabla, tuliamini, watu watahamia upande wa pili. Na dawa ilikuwa imeshapakwa.

"Subiri ngoma iishe, mama," Nkwabi akasema. "Kwani kidonda kina miguu?"

"Kina mizizi," Holo akamjibu.

Shigela akamwambia kwa upole, "Dada yangu, ngoma ikiisha, kesho yake nakuja."

Holo akamweleza siku ambazo daktari wa ngozi hufika hospitali ya wilaya. Akamvisha kofia yake mwenyewe, akajifunika khanga kichwani, akaondoka.

Jioni ile nilimsihi kaka yangu. "Twende. Mwiko umewekwa na watu."

"Misoji," aliniambia, "tukishindwa kwa ajili ya damu yangu, watasema nini? Watasema walijua tangu zamani kwamba mtu kama mimi ana mkosi."



Basi tukangoja. Siku ya shindano ilipokaribia, kiongozi wa wapinzani wetu akafiwa, shindano likasogezwa mbele. Likasogezwa tena. Dawa ilikuwa bado ngomani, na mwiko ukabaki palepale. Kidonda kikatambaa chini ya shanga, kikawa kipana kama kifuniko cha chupa ya soda. Kikaanza kunuka. Shigela akawa anakaa mbali kidogo na watu wakati wa kula. Bado hakikuuma.

Siku ilipofika tulishinda. Watu walituzunguka hata upande wa pili wakabaki wakiwachezea ngoma watoto wao wenyewe. Shigela alibebwa juu juu, na alipovua utepe, shanga zilitoka na nyama.

Kesho yake tulikwenda hospitali ya wilaya, kama alivyoahidi. Daktari alimpapasa kichwani, kisha shingoni, mikono yake ikakawia pale chini ya taya. Walikata kipande, wakakipima. Kilikuwa kile alichokisema Holo.

"Kingeletwa kikiwa kidogo," daktari alisema, "ingekuwa kazi ya asubuhi moja."

Alipelekwa hospitali kubwa. Walimtoa jicho, wakamchoma kwa mionzi. Lakini maradhi yalikuwa yameshashuka kwenye matezi ya shingo, na daktari hakutuficha kwamba hayatakwisha.

Aliporudi nyumbani, Holo alikuja kumwona. Wakiwa wanazungumza, alimwita Limi, akamwinua kidevu. Kwenye mdomo wa chini palikuwa na mkwaruzo mkavu, mgumu. Mimi nilidhani ni upepo.

"Huyu aje kliniki ijayo," Holo akasema.

Limi akajificha nyuma ya mjomba wake. Alikuwa ameshaona mtu kwenda hospitali na macho mawili na kurudi na moja. "Siendi," akalia. "Labda mjomba anishike."

"Nitakushika," Shigela akasema.

Siku ya kliniki ikagongana na ngoma ya kufunga msimu. Sauti ndiyo iliyokuwa imembakia kaka yangu, na kundi lilikubali aimbe mara moja ya mwisho, akiwa amekaa kitini. Dawa ilikuwa imeshapakwa. Alfajiri tulipotoka, Nkwabi alitusimamisha njiani, macho yamejaa machozi.

"Manju, mama yake si yupo? Ampeleke yeye. Ukivuka mto leo ukatoka kijijini, nyimbo zako wazee watampa mwingine. Mtoto mwenyewe haumwi kitu. Subiri ngoma iishe, ndugu yangu."

Shigela alimwekea mkono begani. "Nkwabi, mimi nilisubiri. Kidonda kimya hakingoji ngoma iishe."

Akavuka, akitembea na kupumzika.

Mwanangu alipona, na nyinyi wote mmekula mkononi mwake. Kaka yangu tulimzika kabla pamba haijachipua. Lakini siku ile, wakati uwanjani mtu mwingine anaimba nyimbo zake, Shigela alikaa kando ya kitanda cha hospitali, kidole chake ndani ya kiganja cha Limi, na hakukitoa mpaka daktari alipokata uzi wa mwisho.

Kidonda kimya hakingoji ngoma iishe.