Mwaka wa Pili Ubaoni

Wapendwa, huko Uingereza, miaka mia na hamsini na zaidi iliyopita, aliishi padri mmoja wa Kianglikana, mwalimu wa chuo kikuu. Kigiriki alikijua kuliko Wagiriki wenyewe! Siku zile chuo kiliweza kumpa mwalimu wake parishi ya mbali awe mchungaji kwa jina tu, huku yeye akibaki mjini na vitabu vyake. Basi huyu akapewa kanisa la kijijini, akamtuma padri msaidizi, naye akaketi kuandika kitabu kinene. Kuhusu nini? Mchungaji Mwema!

Miaka kumi na tisa akaandika. Kitabu kilipotoka akasema, "Sasa niwapelekee watu wangu nakala."

Akafika Jumamosi mchana. Kanisani alikuwamo mama mmoja mzee, anafagia. Ukutani palikuwa na ubao wa majina ya mapadri wote wa pale, na kwa kila jina mwaka aliopewa kanisa na mwaka aliokufa. Akalitafuta lake. Akaliona. Lilikuwa na miaka yote miwili.

Akamgeukia yule mzee. "Mama, huyu alikufa lini?"

"Mwaka ule wa kipindupindu, mgeni wangu. Tulizika watu arobaini na mmoja, na padri msaidizi wetu akiwamo. Huyu tulimwandikia barua tatu aje atuzikie. Kimya."

"Nani aliwaambia amekufa?"

"Aka! Atuambie nani? Angekuwa hai, asingekuja?"

Jamani! Barua zile alizikumbuka. Hakuzifungua. Alizitia ndani ya kamusi kuwekea alama kurasa.

"Kwani ulimfahamu?" mama akauliza.

Padri alikitazama kitabu chake. "Hapana, mama. Sikumfahamu."

Wazee walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mnamcheka padri wa watu? Na sisi je? Shangazi anaumwa, wiki ya sita hii, sisi tuko kwenye kamati ya semina ya upendo! Simu yake tunaiona, tunaigeuza kifudifudi mezani. Tunadhani amekasirika. Hajakasirika, ndugu zangu. Ameshatuzika.

Leo ibada ikiisha msipange foleni kunisalimu mlangoni. Nendeni mkabishe hodi kwake. Na akishtuka akauliza, "Kumbe mko hai?" msijitetee. Ingieni, mkae.