Kwa Nini Mchwa Hugonga Kichwa Ukutani

Enzi hizo mchwa walikuwa hawagongi kichwa. Habari ndani ya kichuguu ilisafiri kwa mdomo: mlinzi wa lango amwambie mbeba udongo, huyo amwambie mwenzake, hivyo hivyo mpaka imfikie Malkia kule chini. Na kila mmoja ilibidi asimamishe kazi, asikilize, aulize, ndiyo aipeleke mbele.

Sikitu alikuwa mlezi wa mayai. Siku moja lango lilipasuka, mvua ikaanza kuingia. Kaka yake Mbaruku, mlinzi, alituma habari hapohapo. Ikafika kwa mbeba udongo mmoja, amechoka mgongo, akaimeza. Alidhani mwingine atasema. Maji yakabeba nusu ya mayai ya Sikitu.

Mbaruku alimkuta dada yake anayalamba yaliyobaki, moja moja. Akaapa hategemei tena mdomo wa mtu. Likija baya atagonga kichwa ukutani, Malkia asikie moja kwa moja. Wabeba udongo walifurahi kweli. Nani tena atawasimamisha njiani?

Siafu walipokuja, Mbaruku akagonga. Malkia akasikia, askari wakapanda. Lakini wale wa katikati, kati ya lango na Malkia, nao walisikia, wakaacha kila walichoshika wakatimka. Waliokuwa wanaziba mlango wa pili waliuacha wazi. Sikitu naye alikimbia, halafu akakumbuka: yai alilobeba kaliangusha njiani. Akarudi, anasukumana na umati, akalikuta limebonyea, bado lina uhai.

Siafu waliposhindwa, alimwendea kaka yake, akaanza kumlamba uvimbe wa paji.

"Umetuokoa, kaka. Ila ukigonga, mie nasikia 'kimbia' tu. Yai silisikii."

"Sasa nisigonge?"

"Gonga. Ila ufa mdogo niambie mimi, tuuzibe hapahapa. Na sisi tukisikia mlio wako, kwanza tufunge mlango, tulaze mayai, ndiyo tukimbie."

Malkia akakubali.

Na tangu siku hiyo mchwa huambiana madogo uso kwa uso, makubwa hugongwa ukutani. Waandishi wa programu za kompyuta nao wana mlio wao: kosa likitokea ndani ya programu, huruka juu ya sehemu zote za katikati, likatua kwa ile inayoliweza. Wanaupenda, maana haumezwi kirahisi. Wanauogopa pia, kwa milango inayoachwa wazi, yaani kazi zinazokatizwa nusu. Wewe gonga kichuguu taratibu, utege sikio. Watajibu kwa kugonga, kisha patatulia kidogo kabla ya vishindo vya kukimbia. Hapo kuna mtu analaza yai.