Maiti Aliyepiga Hodi

Hapo zamani za kale, mkonge ulipokuwa bado mgeni katika nchi yetu, alikuwapo Sungura mmoja aliyetengwa na mama yake, ila kinu cha mama alikisikia kila jioni. Twa! Twa! Twa! Mama anatwanga ng'ambo ya ua. Sungura hujilamba midomo, kisha machozi humlengalenga.

Ua huo aliupanda Dubu. Mnamjua Dubu? Mtamjulia wapi! Alitoka nchi ya baridi huko mbali, akaja na manyoya yake mazito, jasho linamchuruzika, na bado akataka kutawala. Alisimama katikati ya kijiji, akachora mstari kwa fimbo, akapanda mkonge. Waliokuwa mbele yake akawaita Wambele, waliokuwa nyuma yake akawaita Wanyuma. Mama yake Sungura alikuwa ameenda kisimani asubuhi hiyo. Hakurudi tena.

Baadaye wanyama walimfukuza Dubu, ngoma zikakesha. Lakini mkonge haukung'olewa. Nyati na Kifaru, waliokuwa askari wake, waliendelea kulinda geti, na Nyati alivaa kofia ya Dubu iliyomziba jicho moja.

"Simama!" Nyati alimfokea Sungura alipofika getini. "Wewe wa wapi?"

"Nyati, mwenzangu, si tumecheza pamoja utotoni?"

"Sikukuuliza michezo. Mbele au Nyuma?"

"Nyuma, lakini mama yangu..."

"Basi rudi Nyuma! Wambele si wenzetu."

"Nani kakwambia?"

Nyati akajikuna chini ya kofia. "Ndivyo ilivyo."

Jioni moja kinu kilisuasua. Twa... kimya... twa. Jioni iliyofuata hakikulia kabisa. Sungura akausukuma ugali pembeni.

"Mke wangu, nikimngoja Nyati apate akili, mama nitamkuta kaburini."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakufa."

"Mungu wangu!"

"Nitakufa kidogo tu. Umesahau kwamba Nyati ni mtani wetu?"

Naam, ukoo wa Sungura na ukoo wa Nyati walikuwa watani tangu mababu. Na mtani, wanangu, ndiye humbeba maiti wa mtani wake, tena huku akimtukana na kumcheka, na wafiwa hawakasiriki. Akikataa kumbeba, aibu yake haifutiki. Dubu hakuyajua hayo, kwa hiyo hakuyatungia amri.

Kulipokucha, mke wa Sungura alifika getini akijipiga kifua, nyuma yake majirani na machela, na juu ya machela shuka.

"Yalaa! Mtani wako kaniacha, Nyati! Ameusia azikwe kwao, kwenye makaburi ya ukoo."

Nyati akaitazama machela. "Shemeji, huyu ni wa Nyuma..."

"Haya, aoze hapa hapa. Nitawaambia watu mtani wake alikuwepo, kavaa kofia nzuri."

"Aa, tumefika huko? Kifaru, shika upande ule!"

Machela ilikuwa pana makusudi. Haikupita getini.

"Kata mkonge," akasema Nyati kwa sauti ndogo. Kacha! Kacha! Kifaru akafyeka pengo la kupita harusi nzima.

"Mwizi wa njugu we!" Nyati alianza utani kwa haya, kisha akakolea, maana maneno ya bibi yake yalimrudia yenyewe. "Masikio yote hayo, hukukisikia kifo kikija?" Halafu sauti ikamkatika. Chini ya shuka, Sungura alikuwa amebana kicheko. Sasa akabana kilio. Alimkumbuka Nyati yule wa utotoni, akatamani arudi.

Wakafika uani kwa mama yake Sungura, jirani na kisima. Bikizee mmoja alikuwa amekaa kando ya kinu, mkono wake umefungwa kitambaa.

"Hodi, mama!" ikasema shuka.

"Lo! Maiti anapiga hodi!" Kifaru akatupa machela, akatimua vumbi, puru! puru!

Nyati akainamisha pembe. "Umenidanganya!"

"Mtani hakasiriki," akasema Sungura, huku keshamkumbatia mama yake. "Mama, kila jioni nilikuwa nakusikia ukitwanga."

"Nilikuwa nakutwangia wewe, mwanangu. Mara nyingi kinu kilikuwa kitupu. Juzi nimeteguka mkono, nikasema basi, sasa atadhani nimekufa."

Kisha bikizee akamgeukia Nyati. "Na wewe, si mjukuu wa Bi Nambogo? Kisima hiki alikichimba yeye. Kaburi lake lile pale, limeota majani. Aliondoka akiuliza kwa nini wajukuu hawaji."

Nyati alilitazama lile kaburi. "Kwa hiyo... mimi pia ni wa Mbele?"

"Mbele ya nani, mwanangu? Aliyekuwa amesimama pale kati ameshaondoka."

Nyati akavua kofia. Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani kaburini, moja moja, na hakuna aliyemtania.

Jioni ile alishika mchi yeye, akamtwangia mama mahindi. Twa! Twa! Sauti ikapita penye lile pengo, ikaenda hadi upande wa Nyuma.

Nami nimetua mzigo wangu, ila hili libebeni: ua aliupanda mgeni, lakini aliyeupalilia ni mwenyeji.