Gari Jekundu la Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, lakini kale ya karibu, maana magari yalikwisha kuja na bandari ilikwisha kuchimbwa, wanyama walikaa mjini, wakapanga nyumba, wakaoana na kugombana kama sisi.

Katika mji huo alikuwapo Digidigi. Naomba msikilize majina vizuri, watoto. Digidigi si mtoto wa paa, ingawa wavivu wa kutazama husema hivyo. Ni mnyama mzima, ila kimo chake ndicho hicho. Jirani yake alikuwa Nguchiro. Huyu naye si Kicheche. Kicheche hunuka; Nguchiro hanuki, na ukimwita Kicheche atakusahihisha kwa adabu, kisha hatakusalimu tena mpaka mvua zinyeshe.

Digidigi alikuwa amekimbia maisha yake yote. Alikimbia mbwa, alikimbia mvua, alikimbia hata vivuli. Hakuwahi kumiliki baiskeli. Siku moja, akipita mbele ya yadi ya magari ya Bwana Kiboko, akaliona gari jekundu.

Lilikuwa gari la mbio kutoka Japani. Lilikuwa na milango miwili tu, limelala chini kama paka anayenyemelea, na nyuma lilikuwa na bawa, ingawa haliruki. Halikuwa jipya. Mjapani alikwisha kulitumia, kama yalivyokuwa magari yote ya pale. Lakini rangi yake iling'aa, na Digidigi alijiona ndani ya mlango wake, akajiona mrefu.

Usiku huo hakula. Asubuhi akaenda kuuza shamba la karanga aliloachiwa na marehemu baba yake. Hakuwa na kitu kingine.

Mama yake hakupiga kelele. Alimwambia kwamba gari likifa njiani, asimletee habari zake, wala asijilete mwenyewe, kwa kuwa shamba lililokuwa likiwalisha ndilo hilo alilolikunja akalitia mkobani. Kisha akamwita Nguchiro, akamwomba aende naye kuwa shahidi.

Sasa niwaeleze desturi ya mji ule, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Mnyama anayenunua gari kwa mara ya kwanza haendi peke yake, kama vile haendi kuposa peke yake. Huenda na shahidi. Na kila kasoro ambayo muuzaji mwenyewe ameitamka kwa kinywa chake mbele ya shahidi, ni juu ya muuzaji kuitengeneza, au atoe gari jingine kama hilo kwa bei ileile, wala hawezi kuvunja biashara. Ile ambayo hakuitamka ni ya mnunuzi, hata kama kila mtu anaiona. Ndiyo maana wauzaji wa mji ule walikuwa wapole sana, na wachache wa maneno.

Bwana Kiboko ndiye aliyekuwa mchache wa maneno kuliko wote. Aliketi nyuma ya meza pana, miguu ndani ya beseni la maji, akiwatazama wageni kwa macho ya usingizi. Kinywa chake kikifunguka, ungeweza kumweka Nguchiro mzima ndani na nafasi ikabaki ya Digidigi.

Nguchiro akamsalimu shikamoo, akauliza gari limetembea kiasi gani. Kiboko akajibu kwamba mita iko palepale kwenye dashibodi, na kusoma ni bure. Akauliza injini ikoje. Kiboko akajibu kwamba masikio anayo, asikilize mwenyewe. Akauliza kama limewahi kugongwa. Kiboko akainua mguu mmoja kutoka kwenye beseni, akaurudisha.

Nguchiro akalizunguka gari. Mita ilionyesha kilomita chache, kama gari la bibi anayekwenda sokoni tu. Lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma. Akainua zulia: chini yake palikuwa na matope laini, yamekauka. Akainama karibu na giaboksi, akanusa. Ndizi mbivu.

Akajua. Lakini kujua kwake hakukuwa na faida yoyote. Shahidi hasemi, shahidi husikia.

Akamvuta Digidigi pembeni, akamnong'oneza kwamba gari lile ni maiti aliyepakwa wanja.

"Nimekuelewa, Mjomba," Digidigi akasema, huku mkono wake ukifungua mkoba. "Lakini hebu litazame."

Kwa hiyo Nguchiro akaona kwamba alikuwa na wapinzani wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuja naye.

Akarudi mezani, akamwomba Bwana Kiboko waliwashe. Kiboko akatoka kwenye beseni, chwa, chwa, chwa, akaja akajiegemeza kwenye boneti, nalo likazama kidogo. Hapo ndipo alipokuwa na fahari. Magari yale, mkiyawasha, kuna sauti ya mwanamke inayotoka ndani na kusema jambo kwa Kijapani. Mjuzi mmoja amenieleza kwamba huwa inadai kadi fulani ya kulipia barabara za kwao. Lakini katika mji ule hakuna aliyelijua hilo, na Kiboko alikuwa akiwaambia wateja kwamba Mjapani hajui kudanganya, na hata gari lake likisema, husema kweli tupu.

Digidigi akaketi, akazungusha ufunguo. Ngrrr. Taa zikawaka, na ile sauti ikatoka, nyororo:

"Kaado ga soonyuu sarete imasen."

Nguchiro akavua kofia.

Akaishika kifuani, akainamisha kichwa, kisha akamwomba Digidigi azime. Kiboko akauliza kuna nini.

"Hakuna kitu, mzee," Nguchiro akasema. "Ni habari za ndani. Si vizuri mgeni kuzisikia."

Kiboko akauliza tangu lini yeye anajua Kijapani. Digidigi naye akageuka kwenye kiti, akataka kuuliza hilohilo, maana alimfahamu Nguchiro tangu utotoni na hakumjua kuwa amewahi kuvuka mto. Nguchiro akamfinya bega kupitia dirishani. Akasema kwamba alikaa miaka na Korongo aliyefika kutoka Japani, korongo halisi, si heroe, akimfulia nguo na kumsikiliza akizungumza na mkewe.

"Basi liambie kitu," Kiboko akasema. Akafungua kinywa kidogo, kwa namna ya kupiga mwayo, na meno yakaonekana yote. "Liambie kitu kwa Kijapani, nami nione kama litakujibu."

Digidigi akashuka kwenye kiti bila kuambiwa.

Nguchiro akaingia mahali pake. Akalisujudia dashibodi mara mbili, akaiweka pua karibu na redio, akanong'ona kwa muda mrefu. Mpaka leo hakuna ajuaye alinong'ona nini. Nadhani alikuwa akihesabu vidole vyake. Kisha akazungusha ufunguo.

"Kaado ga soonyuu sarete imasen."

"Maskini," Nguchiro akasema, akazima.

Kiboko akafunga kinywa. Kisha akasema kwamba lilikuwa limerudia maneno yaleyale.

"Ndiyo, mzee. Nimeliuliza kama lina hakika."

Masikio madogo ya Kiboko yalianza kuzunguka, pwi, pwi, kama yanayofukuza nzi. Akatazama langoni. Pale walikuwapo Nyumbu na mkewe, waliokuja kutazama magari, na shingo zao zilikwisha kurefuka.

Kiboko akasogea kwenye dirisha la gari. Akasema kwa sauti ya chini kwamba, kama ni habari ya mita, yeye hakuigusa. Aliyeirudisha nyuma ni fundi Nungunungu, kwa hiari yake, yeye alimlipa tu.

"Mimi sikusema mita," Nguchiro akajibu.

"Limesema nini, basi?"

"Mzee wangu, mimi ni shahidi tu. Ukitaka kulinyamazisha, nitalinyamazisha. Lakini lina uchungu. Limebeba mengi."

Na akazungusha ufunguo tena, taratibu, kama anayempa mgonjwa maji.

"Kaado ga soonyuu sarete imasen."

Safari hii Nguchiro alitoa leso, akajifuta jicho moja. Mke wa Nyumbu akamwuliza mumewe kama ni msiba.

Digidigi, ambaye bado alilipenda gari, akasogea akitaka kusema kwamba mita si kitu, yeye atalichukua hivyohivyo. Alikwisha kusema "Bwana Kiboko, mimi kwa upande wangu," wakati Nguchiro alipoinua kidole. Akamwambia kwamba gari linaomba mnunuzi asiwepo, linaona haya kuvuliwa nguo mbele yake. Digidigi akaenda kusimama nyuma ya pipa. Lakini akabakiza sikio.

"Ndizi ni kitu cha kawaida," Kiboko akasema ghafla. Jasho lake jekundu, lile la viboko, lilikuwa limeanza kutoka shingoni. "Kila yadi hutia ndizi kwenye giaboksi. Inapunguza makelele. Ni chakula, si sumu. Uliza yadi yoyote."

Nguchiro akatikisa kichwa kwa huzuni, akaweka vidole kwenye ufunguo.

"Usiliwashe."

"Limebakiza neno moja, mzee."

"Najua lilichobakiza. Usiliwashe." Kiboko akatazama shingo za Nyumbu, akatazama gari, na kinywa ambacho miaka yote kilifungwa kikafunguka chote. "Lilizama. Mto wa kwao ulifurika likazama, likakaa chini ya maji, basi. Na mimi nalala majini kila siku ya Mungu, nani amewahi kuniona na kutu? Maji si aibu. Likaeje kwenye maji halafu lije linisemee kwa watu? Mimi nimelifanyia nini? Nimelipaka rangi. Nimelitafutia sehemu ya mbele, maana mbele yake haikuwapo, mbele hii ni ya gari jingine. Nikalichomelea vizuri, usiku na mchana. Hiyo ndiyo shukrani yake?"

Nyumbu na mkewe wakageuka pamoja, wakaondoka bila kuaga.

Nguchiro akavaa kofia yake. Akatoka garini, akafunga mlango, dup, na kipande kidogo cha rangi nyekundu kikadondoka. Akasema kwamba shahidi amesikia: mita, ndizi, mafuriko, na sehemu ya mbele iliyotoka kwenye gari jingine. Yote yametamkwa na mwenye mali kwa kinywa chake.

Kiboko alijaribu kusema kwamba ni gari lililosema. Nguchiro akamkubalia kwamba inawezekana, lakini akamkumbusha kuwa desturi haijui Kijapani.

Gari lile halikuweza kutengenezwa. Kiboko alilijua hilo kuliko yeyote. Kwa hiyo ikabidi alete jingine. Akatazama angani, akatazama beseni lake, kisha akaenda nyuma ya ofisi, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na gari la aina ileile, milango miwili na bawa, zima, lisilowahi kuguswa na Nungunungu. Alikuwa amemwekea mkwewe.

Nguchiro akalinusa lote. Halikunuka kitu ila gari. Akauliza kama kuna la kutamkwa. Kiboko akasema hakuna, na safari hii alisema akitazama usoni.

Digidigi akalitazama kwa muda.

"Ni jeupe," akasema.

Nguchiro akamwambia apande.

Mkoba ukawekwa mezani. Lango la yadi likafunguliwa. Kiboko alikuwa amekwisha kurudisha mguu mmoja kwenye beseni, na wa pili ulikuwa njiani, Digidigi alipozungusha ufunguo wa gari jeupe. Injini ikawaka laini, na kutoka ndani, sauti nyororo ya mwanamke ikasema:

"Kaado ga soonyuu sarete imasen."

Mguu wa Kiboko ukabaki hewani. Akafikiri. Kwa Kiboko, kufikiri huchukua nafasi, na ilionekana wazo likipanda kutoka tumboni mpaka kwenye paji la uso.

"Ngoja," akasema. "Hilo halina kasoro. Mbona nalo linasema yaleyale? Nguchiro. Linasema nini?"

Nguchiro alikuwa amekwisha kufunga mkanda. Akashusha kioo kidogo, kwa kipimo cha pua yake tu.

"Mzee, mimi sijui Kijapani," akasema kwa heshima. "Muda wote wewe ndiye uliyekuwa unanitafsiria."

Beseni likapinduka. Lakini gari la mbio ni gari la mbio. Vuuuu, na vumbi lilipotua, Bwana Kiboko alikuwa amesimama peke yake langoni, miguu ikichuruzika maji, na nyuma yake gari jekundu likimngoja.

Hadithi yangu imefika mlangoni kwa Mama Digidigi, nami naishia hapo, nikiwaachia neno hili: mwenye jambo la kuficha hulisikia likitajwa hata katika lugha asiyoijua.